Nyati waliopanda boneti: mabonyeo ya Land Rover yetu kule Mikumi

Mtu amesingiziwa. Anapewa nafasi ya kujitetea mbele ya mkubwa. Kwa nini aukumbatie uongo uleule unaomfukuzisha kazi?

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Swali hilo limenikaa kooni miaka mingi. Juzi kijana mmoja humu aliuliza namna ya kutoa mabonyeo madogo kwenye mlango wa gari lake, mkamjaza ushauri wa maji ya moto na hair dryer. Nikasema ngoja nilete ya kwangu. Chumvi sitii. Niliyoyaona ndiyo ninayoandika, na asiyetaka kuamini shauri yake.

Ilikuwa enzi za vijiji vya Ujamaa. Nimetoka Chuo Kikuu, Mlimani, bado moto, nimezoea kumuuliza mhadhiri "kwa nini" mpaka anakusanya vitabu vyake. Nikapangiwa Kilosa, kwenye idara ambayo siitaji.

Bosi wetu hakupenda maswali. Aliniita "msomi", na hakumaanisha kunisifu.

Dereva wetu alikuwa Mzee Rajabu, mtu wa makamo, mpole, mwenye kofia ya kitambaa isiyotoka kichwani. Land Rover ya ofisi aliiosha kila asubuhi kabla hajanywa chai. Mkiingia na matope anawatazama miguu tu, mnajirudi wenyewe.

Siku moja tulipanda watatu hadi kijiji kimoja kwenye miteremko ya Vidunda. Bosi alikwenda kuwaambia watu waache mashamba yao ya mlimani washuke tambarare, wakae kwenye kijiji kipya kando ya barabara.

Akasimama kwenye bampa, akahutubia. Wanawake walikuwa wanatwanga. Wakaacha vinu, wakaja na michi yao mikononi.

Mama mmoja mrefu, amevaa kaniki, akasema neno kwa lugha ya kwao. Watu wakacheka. Kisha akanyanyua mchi akaushusha kwenye boneti. Ko!

Bosi aliruka kama amekanyaga siafu.

Wengine wakafuata. Milango, boneti, matairi... samahani, hapana, matairi hawakuyagusa. Wala hawakumgusa mtu. Walitwanga gari tu, kwa mpangilio kabisa, kama wanaotwanga mahindi kwa zamu.

Mimi nilikuwa ndani, nimeduwaa. Mzee Rajabu alivuta kofia ikafunika uso, akageukia upande wa pili, akabaki anatazama mlima. Nikadhani ni woga. Bosi alipojitupa ndani, Rajabu akaondoa gari bila kugeuza shingo.

Njiani bosi akasema, "Hatukupigwa. Tumepokewa vizuri. Mmesikia?"

"Na haya mabonyeo?" nikauliza.

"Rajabu amegonga nyati. Mikumi nyati si wapo?"

Wakuu, mnajua maana yake. Gari la serikali enzi zile lilikuwa mali ya umma. Dereva akiligongesha kwa uzembe, kazi imekwisha. Na mgeni, mkubwa mmoja kutoka mkoani, alikuwa anatarajiwa Mikumi kesho yake, kuja kutazama hiyo shughuli ya kuhamisha watu.

Nikamwambia bosi palepale kwamba mgeni nitamweleza ukweli, na gari lenyewe litakuwa shahidi wangu. Akacheka. "Msomi, utaleta mlango wa gari barazani?"

Tukalala Mikumi kumsubiri, na asubuhi Land Rover haikuwepo. Nikaambiwa Mzee Rajabu mwenyewe ameipeleka kwa Fundi Kondo, aliyekuwa ananyoosha bodi pale Mikumi kando ya barabara kuu.

Nilifika mbio. Mlango mmoja ulikuwa umeshafunguliwa. Kwa ndani Kondo kashika nyundo ya mbao, kwa nje kaegemeza kifuko cha mchanga, anagonga taratibu kutoka ukingoni mwa bonyeo kuelekea katikati. Bodi ile si chuma, ni alumini, laini. Ukiipiga kwa hasira inatanuka, haikai tena. (Kijana wa juzi, hilo nimekupa bure.)

Boneti ilikuwa bado. Nikapanda, nikakaa juu yake na gauni langu la kazini.

"Binti," akasema Kondo, "hilo boneti si kigoda."

"Nimekaa."

"Utaliongezea bonyeo jingine, na hilo litakuwa pana."

Kijiwe kizima pale kwa fundi kikacheka. Sikushuka.

Mzee Rajabu akaja. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Shuka."

"Mzee, wanataka kukufukuza! Haya mabonyeo ndiyo ya kukuokoa."

"Shuka, nakuomba."

"Nyati gani ana pembe za mviringo kama mdomo wa mchi?"

Akasogea mpaka kwenye boneti, akasema polepole, "Kazi nitapata nyingine. Hili jambo huliwezi wewe." Mimi kuambiwa siwezi? Ndiyo kwanza nikajikita.

Mgeni wa mkoani alipofika na bosi wetu nyuma yake, alinikuta juu ya boneti kama kuku anayetamia.

Nikashuka mwenyewe. Nikamwonyesha. "Ndugu, hii ni michi. Watu wa mlimani wamekataa kuhama, na wana haki ya kuulizwa kabla ya kuhamishwa. Dereva hakugonga kitu."

Bosi akatabasamu. "Ndugu, huyu ni msomi wetu."

Mgeni akamgeukia Rajabu. "Wewe ndiye ulikuwa unaendesha. Nini kilitokea?"

Nikamkazia macho. Sema, mzee!

"Nyati, ndugu," akasema Rajabu.

"Mmoja?"

"Walikuwa wengi."

Mgeni akapapasa boneti. "Na huku juu?"

"Walipanda, ndugu."

Fundi Kondo akapaliwa na mate, akaenda kukoholea nyuma ya gari. Mgeni aliujua ukweli, niliona. Lakini uongo ulikuwa umemfaa kila mtu aliyekuwa na cheo pale.

Rajabu alifukuzwa kazi. Mimi nilihamishwa mbali kwa "utovu wa nidhamu". Nilitakiwa kuomba radhi kwanza. Sikuomba, na mpaka leo sijaomba.

Kule mlimani hakuna aliyekamatwa. Angekamatwa nani, wakati waliotwanga gari ni nyati?

Watu wanapenda kuniambia somo la mkasa huu ni kwamba vijana wajifunze kunyamaza. Nakataa. Ningerudishwa leo ningepanda tena ile boneti, na magoti haya haya mabovu. Somo langu ni hili: bodi iliyonyooka isikutulize. Uliza nani ameinyoosha, na alikuwa anamficha nani. Mimi niliuliza la kwanza nikasahau la pili.

Nanyi mnaoandika humu kwamba enzi zile wananchi waliitikia tu kila walichoambiwa, karibuni ukumbini mbishane na mimi. Na wenye wazee wa upande wa Vidunda, waulizeni habari za nyati, kisha mlete majibu hapa.

Nimebakiza jambo moja. Mzee Rajabu baada ya kufukuzwa alikwenda Dumila, akauza vitunguu pale njia panda mpaka alipofariki. Nilikwenda kuzika. Mjane wake, Bi Hadija, ndiye aliyenieleza, huku ananicheka kwa machozi kwamba na usomi wangu wote sikuwahi kuuliza mke wa dereva wetu ni mtoto wa wapi.

Yule mama wa kaniki, aliyeshusha mchi wa kwanza, ndiye aliyemzaa Bi Hadija. Kwa desturi yao mume wa binti hamtazami mkwe wake usoni, wala hamtaji kwa jina, hata kwa kuapa.