Prosesa Mpya na Kibao cha Marehemu

Mzee Patasi, mchonga vibao vya shaba, hakuwa na ugomvi na kompyuta. Ugomvi wake ulikuwa na wale wanaozitengeneza, kisha wakazisahau kabla mnunuzi hajazizoea.

Yake ilikuwa moja, imejaa vumbi la shaba, imeungwa kwa waya mnene na mashine ya kuchongea. Ndani yake zilikaa herufi alizozichora mkewe kwa mkono, R yake ikinyoosha mguu kama mtu aliyekaa mkekani. Zamani kila mlango wa heshima mjini ulizivaa herufi hizo. Mkewe alipofariki, mzee akaanza kumchongea kibao cha kaburi. Alipomaliza herufi ya nne ya jina, kompyuta ikaanza kuugua. Ikiwaka dakika kumi, inaganda.

"Prosesa, ubongo wake, ndiyo inakufa, shemeji," alisema jirani yake, fundi kompyuta aliyeitwa Mama Skrubu, maana mdomoni hakukosa skrubu mbili tatu. "Lakini una bahati. Marehemu alitunza risiti, na waranti imebakiza miezi miwili. Wapelekee kampuni wakubadilishie."

"Watanipa kama hii?"

"Sasa kubadilishiwa ni nini, shemeji? Wakupe sufuria?"

Wakacheka wote wawili. Mzee aliichomoa mwenyewe, akaifunga kwenye leso ya mkewe, akaipeleka.

Baada ya wiki tatu, binti wa kaunta alimkabidhi boksi linalong'aa.

"Hongera, babu. Ile yako haitengenezwi tena. Kampuni imekupa ya kisasa, kasi yake mara tatu."

"Mimi sina haraka, mjukuu wangu. Nimebakiza herufi tatu tu."

Nyumbani, Mama Skrubu aliigeuzageuza, kisha akatema skrubu zote kiganjani. Mzee akajua mambo yameharibika.

"Haiingii, shemeji. Inataka ubao mwingine wa ndani, na ubao huo hauna pa kuchomeka waya wa mashine yako. Hata programu iliyobeba herufi ni ya kizamani, itaukataa." Alihangaika nayo siku mbili kwenye kompyuta zake. Haikufunguka hata kwenye moja.

Mzee akarudi kaunta. "Basi nirudishieni mgonjwa wangu."

"Zikipokelewa husagwa, babu. Ndiyo utaratibu."

"Ilikuwa inanipa dakika kumi."

"Dakika kumi za nini?"

"Herufi moja huchongwa kwa dakika nane."

 Binti, kwa kuwa alifundishwa hivyo, akamsogezea karatasi ya kuuliza kama ameridhika na huduma. Mzee aliikunja vizuri, akaitia mfukoni. Laiti angevumilia na ile mbovu! Iwake, ichonge herufi, ipoe, iwake tena. Siku moja tu ingetosha. Lakini siku hizi nani anamvumilia mgonjwa? Hata yeye alikimbilia kubadilishiwa.

Kesho yake alitoka na karatasi laini na penseli, kunakili herufi za mkewe milangoni. Benki walishabandika plastiki. Shuleni plastiki. Ofisi ya wakili plastiki, nayo imeanza kubanduka. Nyuma ya zahanati tu, kwenye mlango wa stoo ambao hakuna aliyeukumbuka, alikuta kibao chake cha shaba, kimefunikwa kutu ya kijani. Alikisugua kwa mkono wa shati. Herufi mbili kati ya tatu alizipata hapo. R haikuwamo, wala hakuiona kwingine kokote.

Zile mbili alizifuatisha kwa patasi. Ya tatu, ile R, aliichonga kwa kukumbuka.

"Wala haitofautiani, shemeji," alisema Mama Skrubu, akitazama pembeni.

"Ahsante," alijibu mzee.

Akakipeleka kibao makaburini na kukikaza. R ile mguu wake ulikuwa mfupi, umejikunja, kama wa mtu anayetaka kuinuka aondoke.