Kikombe cha Erica

Mimi Mazengo niliishia darasa la sita, na hata hilo la sita walinisukuma. Lakini kwa maneno, hapa Ihumwa hajazaliwa wa kunizidi. Nimewahi kumchekesha padri kaburini, wenye msiba wakiwa wamesimama. Kwa hiyo nikikwambia kuna siku uongo ulinifia mdomoni, ujue si jambo dogo.

Dada yangu Anyesi alikuwa mtunza stoo mpaka akastaafu, na nyumba yake ya Area D aliiendesha kama stoo. Mchicha wa uani aliung'oa wote kwa sababu haukuota kwa mstari. Ukutani jikoni alibandika karatasi ya taratibu kumi na nane, kwa mwandiko ambao mimi siupati hata nikitumia rula. Ya tano: mikono ya vikombe ielekee dirishani. Nikienda kumsalimia nilikuwa nakigeuza kimoja kwa siri, kisha nakaa kimya nahesabu. Sijawahi kufika ishirini kabla hajakirudisha. Siku moja dada aliinuka kukirudisha, shemeji akiwa bado anaombea chakula. Nilicheka mpaka nikapaliwa, na kisa hicho nimekisimulia kwenye vilabu vyote vya pombe ninavyovijua.

Shemeji Sostenes hakucheka. Alivaa shati alilotolewa, akafagia alipoonyeshwa, halafu akasimama pembeni kutazama panavyofagiwa upya. Miaka thelathini na moja.

Aliyenifungua macho ni Erica, binti yao wa pekee, muuguzi huko Kondoa.

"Mjomba, mama haogopi uchafu. Mwenye hofu angalau anajua kwamba anaumwa. Mama anaona yeye ndiye yuko sawa, sisi wote tumekosea. Daktari wetu anasema ni tatizo la haiba, na watu wake wanachoka mapema kuliko yeye."

Yeye mwenyewe alikuwa amechoka. Miaka mitatu iliyopita aliosha vyombo, mama yake akavirudia vyote mbele yake. Erica akamwambia taratibu tu, "Mama, siku nitakayoosha kikombe kimoja kikabaki nilivyokiosha, nitajua hapa bado ni kwetu." Akapanda basi. Hata Krismasi hakuja.

Alikuja mwezi wa sita, baba yake alipofariki.

Misiba yetu unaijua. Mfiwa anakaa kwenye godoro analia, jikoni wanaingia kina mama wa mtaa. Siku ile walifika wengi, wakatandika mikeka, wakakaa. Kuni zipo, sufuria zipo, hakuna anayeinuka. Nikamfuata Devota, kiongozi wao wa jumuiya.

"Dada Devota, ndugu wa marehemu wa Mpwapwa wameshafika. Mnataka niwapikie mimi? Tutazika wengi."

Hakucheka. "Kaka Mazengo, nani aguse? Tukiosha atarudia. Tukipika atamwaga. Si hasira. Tumeona tusimuongezee kazi leo."

Anyesi alisikia. Akainuka kwenye godoro, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kusugua sufuria. Siku mbili alipika kwenye msiba wa mumewe, akachambua mchele punje kwa punje, macho makavu, sisi tunatazama miguu yetu. Saa moja ya kumlilia Sostenes hakuipata.

Siku ya tatu matanga yakaanuliwa. Erica akanywa chai, akaosha kikombe chake, akakiweka kwenye kichanja. Mkono ukaelekea mlangoni. Anyesi alikiona. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, nikamwona akiingiza viganja chini ya mapaja, akavikalia.

"Mama, mimi naenda. Gari la saa nne."

"Nenda salama, mwanangu."

"Kikombe changu kipo pale."

"Nimekiona."

Erica akainama akamkumbatia. Hapo ndipo machozi ya dada yangu yakatoka, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze, yakamlowesha binti yake begani. Macho yenyewe yalikuwa kwenye kichanja.

Bajaji ikaondoka. Nilikuwa getini, nikasikia sauti ya dada kutoka ndani.

"Mazengo, ameshafika kona?"

"Ameshafika, dada. Njoo tuote jua."

"Nakuja."

Nikajua haji. Nikaingia jikoni nikamshika mkono. Kikombe alikuwa ameshakichukua.

"Dada, hiki kiache. Hiki kimoja tu."

"Sikivunji. Nakisuuza."

"Kimeshasuuzwa."

"Hakijasuuzwa vizuri, Mazengo." Alisema kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Nikamwachia. Ningemshika mpaka lini? Tena ni mimi niliyekuwa navigeuza kwa kucheka.

Akafungua bomba. Robo saa baadaye maji yalikuwa bado yanatiririka, simu yangu ikaita.

"Mjomba, nimefika stendi. Kikombe kipo?"

"Kipo. Hajakigusa. Tumekaa naye hapa, tunapiga soga."

"Hayo maji ninayosikia?"

Nimewadanganya maofisa mifugo, wakwe, na mapadri wawili. Nikatafuta uongo wa kumpa.

"Namwagilia mchicha, mjomba."

Mchicha wa uani ulishang'olewa wote, na Erica anajua.

"Haya," akasema. "Mwambie nimefika stendi salama."

Nikamsikia konda akiwaita watu wa Kondoa, kisha simu ikakatika. Jikoni bomba bado lilikuwa wazi.