Nilimsamehe Rafiki Yangu Wizi wa Kete Ambayo Haikuibwa

Mimi ndiye niliyekosea. Naanza na hilo ili usije ukanionea huruma katikati ya maneno, maana mzee akianza kulia watu husahau kumuuliza alifanya nini.

Mimi ni mtu wa Bagamoyo, kata ya Dunda. Nimesoma hadi kidato cha nne, enzi ambazo kidato cha nne kilikuwa kitu cha kutembea nacho kifua mbele, na balaa yangu imeanzia hapo. Mtu aliyesoma kidogo, akishastaafu, hatafuti kazi. Hutafuta jambo la kuwafundisha wenzake. Mimi nililipata kwenye keram.

Kwa asiyeijua, keram ni mchezo wa ubao wa mraba wenye mashimo kwenye pembe zake. Unaipiga kete kubwa kwa kidole, nayo huteleza juu ya poda na kuzisukuma kete ndogo shimoni. Ubao wetu uko kwenye baraza ya Bi Zuhura, mjane anayeuza chai na vitumbua. Tunacheza wawili wawili. Mwenzangu miaka yote alikuwa Shomari, fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Mimi nilikuwa nasema, yeye anatia kete shimoni.

Basi mpwa wangu aliyekuwa Maskati akaniletea kete ya kupigia ya mfupa wa ngamia. Ah, ndugu yangu, tangu siku ile hapakukalika. Ikawa ukija kunywa chai unapewa na somo. Kete za kupigia, niliwaambia, haziko daraja moja. Ya plastiki ni nyepesi, ikigonga ukingo inarudi kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Ya mbao ina heshima yake, lakini hewa yetu ya pwani inaivimbisha, na masika ikifika inaburura. Ya mfupa ndiyo kete. Nzito, baridi mkononi, inateleza bila kelele na inasimama pale ulipoituma.

Mengi katika hayo ni kweli. Mtu akiwa na ukweli kidogo mdomoni, uongo unaofuata hupita bila kukaguliwa.

Ubaya ni kwamba kete zetu za plastiki alizinunua Bi Zuhura mwenyewe, Kariakoo. Kila nilipokosa shimo kwa kete yake nililaumu plastiki. Nilipokosa kwa ile ya mfupa nililaumu poda, nayo poda alinunua yeye.

Siku moja aliweka birika chini.

"Mzee wangu, hiyo ya mfupa unaweza kuijua hata gizani?"

"Hata usingizini."

"Hatutaki ulale. Tutakufumba macho tu."

Akanifunga kanga usoni. Watu wakaacha chai zao. Akaniwekea kete moja baada ya nyingine, nizishike, nizipige, ninuse nikipenda. Ya plastiki, ya mbao, ya mfupa, bila kuniambia ipi ni ipi. Ya mwisho ilipoteleza nilimhisi ngamia mzima kidoleni.

"Hii," nikasema. "Mfupa haujifichi."

Kanga ikafunguliwa. Nilikuwa nimeshika plastiki ya Kariakoo.

"Kumbe Kariakoo kuna ngamia," alisema dereva mmoja wa bodaboda.

"Mwacheni profesa," akadakia mwingine. "Mfupa anaujua ukiwa kwenye supu."

Baraza nzima ilicheka, na Shomari alicheka nao. Kama ningecheka mimi pia, mambo yangeishia hapo na leo nisingekuwa nakuandikia. Badala yake niliichukua ile kete ya mfupa, kete yangu mwenyewe, nikaigeuzageuza kama mtu anayekagua noti bandia.

"Hii si yangu," nikasema. "Yangu imebadilishwa. Ndiyo maana sikuitambua."

Kicheko kikakatika. Kila mtu pale alijua kwamba mimi ni msahaulifu, na kwamba aliyenitunzia ile kete siku zote, kwenye mfuko wa koti lake, alikuwa Shomari. Sikutaja jina. Sikuhitaji kutaja.

Shomari akanitazama. "Sahibu, sema vizuri. Imebadilishwa na nani?"

"Anayejua anajua." Na kwa kuwa watu walikuwa bado wananikodolea macho, nikatupia na lingine: "Nitasomesha Halbadiri."

Halbadiri ni kisomo cha kumshtakia mwizi kwa Mwenyezi Mungu, na huku kwetu watu wamerudisha hata kuku waliokwisha kuchinjwa kwa kuiogopa. Wazee husema humvimbisha mwizi tumbo, na kwamba kama hakuna mwizi, humrudia aliyedai. Hilo la mwisho nililikumbuka nilipofika nyumbani.

Nilidhani yataisha, maana wengi wetu hutishia Halbadiri kama wanavyotishia kuhama mtaa. Lakini kesho yake Shomari mwenyewe alikwenda kwa Maalim wa msikiti wetu kuomba isomwe, na ubani akanunua yeye. Alimwambia jina lake limechafuka na hana sabuni nyingine.

Maalim akaniita. "Naombwa kisomo kwa ajili ya kete. Kete ya mchezo?"

"Ya mfupa, Maalim."

"Hata ingekuwa ya dhahabu. Dua hii si filimbi ya refa. Lakini mwenzio ameng'ang'ania. Basi utasema kwa kinywa chako, mbele za watu, kwamba umeibiwa. Mimi nitasoma. Yatakayofuata si yangu."

Siku zile kila nikioga nilikuwa najitazama tumbo kama limeanza kuvimba. Nikatafuta udhuru: homa, goti, safari ya Makurunge kukagua shamba ambalo sina.

"Kama umeibiwa, unaogopa nini?" mke wangu aliniuliza.

"Haya ni mambo ya wanaume."

"Ya wanaume waongo," akasema, akaendelea kuchambua mchele wake.

Alhamisi baada ya Alasiri baraza ilijaa. Ubani ulikuwa unafuka. Shomari alikaa mbele, kanzu imenyooshwa pasi, ametulia kama mtu aliyekuja kuozesha. Maalim akanigeukia: "Haya, sema."

Nikasimama. Njia zilikuwa mbili: niseme kweli niaibike, au niseme uongo unipate. Kidato changu cha nne kikanionyesha ya tatu.

"Maalim," nikasema, "kete ni kitu cha dunia. Aliyeichukua nimemsamehe."

Mashallah zikasikika kila upande. Yule dereva wa bodaboda akanipa mkono na kuniamkia shikamoo kwa mara ya pili siku ile. Maalim akafunga kitabu, na kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai mimi nilikuwa mtu mwema kuliko wote Dunda.

Shomari hakuinuka kwenye mkeka.

"Umemsamehe nani?"

"Yeyote yule, sahibu."

"Umenisamehe mimi." Hakupandisha sauti. "Kile kisomo ningetoka salama, maana sikuchukua kitu. Huu msamaha wako nitatokaje?"

Alivaa makubazi yake akaondoka.

Tangu siku ile akawa mwizi aliyesamehewa. Watu walimwamkia vizuri mno, huku wakivuta simu zao karibu. Waliokuwa wakimpelekea vitambaa vya sikukuu wakavipeleka kwingine. Haukupita muda mrefu akahamia kwa binti yake, Msata.

Mimi nikapata mwenza mwingine, na ndipo nilipojua kwamba miaka yote sikuwa nikicheza. Nilikuwa nikihutubia huku Shomari akishinda, kwa plastiki, kwa mbao, kwa chochote alichopewa. Tofauti ya kete ipo kweli, ila kwangu mimi ilikuwa haijafika kidoleni.

Nikapanda basi kumfuata Msata. Alikuwa anashona sare za shule. Alinipa kiti. Nikamweleza yote, mpaka machozi yakanitoka.

"Nilijua," alisema, mguu haujaacha kukanyaga cherehani. "Mimi ndiye niliyekuwa nikiibeba. Ningeshindwaje kuijua?"

"Basi niwie radhi, sahibu."

"Hukuniharibia jina hapa Msata. Uliniharibia Dunda, barazani, kwa sauti. Kaseme palepale, kwa sauti ileile. Ukishasema, uje tuongee."

Nimekwenda barazani mara nyingi tangu hapo. Nimekunywa chai, nimesifu poda, nimerudi nyumbani. Sijasema. Ndiyo maana naandika hapa, bila jina. Najua kuandika si kusema, kwa sababu karatasi haina macho ya Bi Zuhura. Lakini watu wa Dunda watakaosoma watanijua, nami nataka wanijue, ili nikifika nisiwe na pa kukimbilia.

Nawe unayesoma, wakikucheka kwa kushindwa mchezo, cheka nao. Aibu ya mchezo haifiki kesho. Na kabla hujamsamehe mtu hadharani, hakikisha kuna alichokukosea. Ukimsamehe asiye na kosa umeshamhukumu, na hatapata pa kukata rufaa, kwa sababu kila atakayemwendea atakuwa anakusifu wewe.