Meza ya Dirishani Baada ya Bei Kupanda

Wateja walimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Mkahawa wake ulikuwa na meza chache, na ile ya dirishani ilikuwa ya mafundi: wa cherehani, wa saa na wa viatu. Walikuja kila mchana, wakala, kisha wakabaki wakibishana kuhusu mpira mpaka Shangazi awatishie kwa mwiko. "Nyie hamna kwenu?" Wanacheka, wanaagiza chai nyingine.

Kisha mafuta ya kupikia yakapanda. Gesi ikafuata, halafu mchele, na mwenye nyumba naye hakutaka kubaki nyuma. Shangazi alianza kwa kupunguza nyama kwenye mchuzi, akawa anaona aibu kila akipakua. Mwishowe akapanda juu ya kiti, akafuta bei ukutani kwa kitambaa kibichi, akaandika nyingine. Haukupita muda, akapanda tena.

Hakuna aliyegomba. Afadhali wangegomba. Fundi viatu alisoma ukuta, akasema, "Haya bwana," akala kimyakimya, na hakuonekana tena. Fundi saa naye akayeyuka. Fundi cherehani alianza kuagiza chai tupu, eti tumbo linamsumbua, kisha naye akakata mguu.

Dirishani wakakaa watu wa ofisini, wanaokula macho yakiwa kwenye simu, wanalipa, wanaondoka. Jiko liliendelea kuwaka. Lakini kila mchana Shangazi alijikuta ametega sikio, akingoja kelele.

"Mama, sufuria inaungua! Unawaza nini?" binti yake akamuuliza.

"Wale wakorofi."

"Si ulikuwa unawafukuza?"

"Ndiyo maana. Sasa sina wa kumfukuza."

Siku moja alivua aproni, akamwachia binti jiko, akaenda hadi kibanda cha fundi cherehani. Alimkuta anakula mkate mkavu mbele ya mashine, akipangusa makombo yasiingie kwenye nguo ya mtu.

"Umenikimbia, kaka yangu."

"Sijakukimbia wewe, Shangazi. Nimeikimbia bei."

"Unadhani napenda? Nikiuza kwa bei ya zamani, nafunga."

"Najua. Hata mimi nimepandisha. Sasa watu wanajishonea wenyewe, suruali zinawakaa kama magunia." Wakacheka, ila kicheko kikaisha mapema. "Jioni napita njia ya nyuma," akasema. "Nikipita kwako nikasikia harufu ya vitunguu, nageuka mtoto."

Shangazi alitaka kumwambia njoo ule bure. Akameza maneno. Alimjua: angekataa, na baada ya hapo hata salamu zingekuwa nzito.

"Njoo ukae tu," akasema. "Alasiri, watu wakipungua. Usiagize kitu. Nimechoka kutazama simu za watu."

Ijumaa alikuja, shati limepigwa pasi. Shangazi alimletea maji, akavuta kiti akakaa naye, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Wakazungumza mpira. Shangazi hakuujua hata chembe. Yeye alibisha tu. Fundi akapandisha sauti, akapiga meza, kisha akageukia kiti cha pembeni kutafuta wa kumuunga mkono. Hakukuwa na mtu.

"Fundi saa karudi kwao," akasema taratibu. "Kafunga kibanda. Hukusikia?"

Hakuwa amesikia. Aliinuka, akaingia jikoni, akasimama mbele ya jiko lililozimwa akijifuta uso kwa upindo wa kanga. Kisha akamimina chai iliyobaki kwenye chupa, akarudi na kikombe, akakiweka katikati ya meza, akakaa.

"Haya, endelea," akamwambia. "Ulisema penalti ilikuwa ya nani?"