Mbwa Aliyemletea Bibi Bata

Wiki iliyopita mwenzangu wa kazini alikuja na bata mwitu ndani ya mfuko wa plastiki, mzima, na manyoya yake na kichwa chake cha kijani. Mumewe ni mwindaji, friza yao imejaa, akauliza nani anamtaka. Ofisi nzima ikatazama pembeni. Nikasema nipe mimi. Jioni nikakaa barazani kwangu Rissne, huku Uswidi, nikatandika magazeti, nikaanza kunyonyoa, na nakwambia, mikono ilijua kazi bila kuniuliza. Unaanza na kifua, unavuta kidogo kidogo kufuata manyoya yanakolala, ngozi isichanike. Sikuwa nimeigusa kazi hiyo tangu nilipokuwa msichana mdogo Jordbro, mtaa niliokulia, chini ya macho ya bibi yangu, ambaye hakuwa na subira na mtu anayechana ngozi.

Najua utauliza: bibi wa Kikongo, mtu wa Uvira, bata mwitu wa Uswidi alijuana nao wapi? Alijuana nao kwa jirani.

Jirani yetu alikuwa mzee wa Kiswidi, mjane, aliyestaafu kutoka ghala lile lile ambako baba yangu alipanga mizigo, kule eneo la viwanda. Tulikaa ghorofa moja, mlango wake ukitazamana na wetu kwenye ngazi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na karibu yote yalihusu hali ya hewa. Alikuwa na mbwa mweusi wa aina ya labrado, aliyefunzwa kazi moja: ndege akipigwa akaangukia majini au kwenye matete, mbwa anamfuata, anambeba mdomoni bila kumtafuna, anamkabidhi bwana wake mkononi. Huku mtu hawindi bata bila mbwa wa namna hiyo, kwa sababu ndege aliyejeruhiwa haachwi akafie majanini. Kwa hiyo yule mbwa hakuwa pambo. Bila yeye, mzee angebaki nyumbani na bunduki yake ingebaki kabatini.

Majira ya baridi ya mwaka mmoja, katikati ya miaka ya elfu mbili, mzee aliteleza kwenye barafu ya maegesho akavunjika nyonga. Alilazwa hospitali, kisha akapelekwa kwenye nyumba ya kujifunza kutembea upya, na mambo yakavutika hadi kiangazi. Baba alikubali kumtunza mbwa kabla hajamwuliza mama, na nyumbani kwetu hilo lilikuwa kosa kubwa. Mama alisema hakuvuka nchi zote zile ili aje kulala na mbwa. Bibi, mama yake baba, alisema mahali pa mbwa ni nje, basi apewe baraza. Akampa na jina, Mgeni, ili kila mtu akumbuke kwamba ataondoka.

Sasa, mchana nyumba yetu ilikuwa tupu. Baba yuko ghalani, mama anasafisha maofisi mjini, sisi watoto tuko shule. Bibi alibaki peke yake na televisheni asiyoielewa. Na jioni tuliporudi alituuliza kwa Kiswahili, tukamjibu kwa Kiswidi, kama watoto wengi wa mtaa ule. Mgeni hakumjibu kwa lugha yoyote, ila alipoambiwa kitu alikifanya. Nadhani urafiki ulianzia hapo. Theluji ilipoyeyuka alikuwa ameshatoka barazani, analala jikoni. Miti ilipotoa majani alikuwa anakula ugali na mabaki ya dagaa tulioletewa kutoka ziwa Tanganyika. Bibi alimtembeza msituni kila siku, yeye na kitenge chake na mabuti ya mpira ya baba, akimfundisha adabu kwa Kiswahili cha Uvira: "Ikala" akitaka akae, "Enda" akitaka aende, "Kuya" akitaka aje. Alikuwa akirusha ndala kuukuu, mbwa anaikimbilia na kumrudishia mkononi, siku nenda siku rudi. Alikuwa na furaha. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo tangu tufike nchi hii.

Mzee alirudi mwezi wa nane na mkongojo wake, siku chache kabla msimu wa bata haujafunguliwa. Akamchukua mbwa, akatuachia keki ya shukrani. Bibi akafunga mlango, akafagia manyoya jikoni, akasema sasa nyumba itakuwa safi. Jioni ile hakula.

Siku ya kwanza ya kuwinda mzee alirudi mapema mno. Akabisha hodi kwetu, suruali ikiwa bado na matope, nami nikawa mkalimani kwa kuwa wazazi walikuwa kazini. Alieleza kwa sauti ya mtu anayesoma utabiri wa mvua. Bata alianguka, mbwa akamfuata, akamchukua vizuri tu. Lakini alipofika ukingoni hakuja kwa bwana wake. Mzee alipiga filimbi, akaita, akamwonyesha soseji. Mbwa akamweka bata kwenye matope, akaketi, akawa anaitazama barabara ya kurudi nyumbani. Wenzake wa kikundi cha wawindaji walikuwa waungwana, ila kiongozi wao alimwambia wazi kwamba mbwa asiyerudisha ndege kwa bwana wake si mbwa wa kuwindia. Basi ameamua hivi: atampa msimu huu, mpaka ziwa ligande barafu. Asipotengemaa, atampeleka kwa mpwa wake kaskazini, ambako watoto wanataka mbwa wa kucheza naye, na yeye atanunua mwingine mchanga.

Nilimtafsiria bibi yote. Alikuwa anachambua mchicha. Akaniuliza hiyo kaskazini ni mbali kiasi gani, nikamwambia ni kuendesha gari siku nzima, na bado hujafika. Aliendelea na mchicha wake kwa muda, kisha akasema, "Umwambie nitaenda naye huko kwenye maji."

Hapa lazima nikueleze jambo. Bibi aliogopa mlio wa bunduki, na hakuogopa bure. Aliondoka Uvira kwa miguu siku ambayo milio hiyo ilikuwa imefika mtaa wa jirani, na si wote walioondoka naye waliofika. Mkesha wa mwaka mpya, Waswidi wakirusha fataki, alijifungia bafuni na taulo kichwani. Baba aliposikia kwamba mama yake anataka kwenda kuwinda, alicheka, kisha akaacha kucheka, akamkataza. Bibi akamkumbusha nani alimzaa nani. Maneno yakaishia hapo.

Tulikwenda Jumamosi, mzee, bibi, mbwa na mimi. Ziwa lilikuwa nyuma ya mashamba ya ngano, maji yametulia, mbu wamejaa, jua bado la kiangazi. Wawindaji wamevaa kijani chao kilichofifia. Bibi akashuka garini na kitenge cha njano chenye picha za kuku. Walikuja mmoja mmoja kumpa mkono. Mlio wa kwanza ulipotoka, bibi aliketi pale pale kwenye umande, akaziba masikio, akafumba macho. Niliona haya, na niliogopa. Mbwa naye alikuwa anatetemeka kando yake, ila yeye kwa hamu. Bibi alipofumbua macho alimwona, akamshika shingoni, na kwa muda walitetemeka pamoja. Kisha akasema, "Enda," kwa sauti ndogo sana. Mbwa akaingia majini. Akasema, "Kuya," mbwa akaja, akamwekea bata mapajani, juu ya wale kuku.

Ikawa ndiyo Jumamosi zetu. Msimu ule hewa ilikuwa kigeugeu. Asubuhi unavua koti, mchana mvua ya mawe inakupiga kisogoni. Mwezi wa tisa tulikaa kwenye mashamba yaliyovunwa, nyuma ya matawi, tukingoja njiwa pori. Bibi alileta chai ya maziwa yenye tangawizi, mzee akaonja kwa wasiwasi, na tangu siku hiyo akaacha kahawa yake nyumbani. Njiwa pori manyoya yao yanabanduka ovyo. Mbwa alirudi mdomo umejaa, anakohoa, amekunja uso, na bibi akamtoa manyoya ulimini kwa kidole huku anamgombeza. Nyumbani tulipowapasua, mfuko wa shingoni tuliukuta umejaa ngano. Bibi akasema ndege hawa wanakula vizuri kuliko sisi tulivyokula kwenye kambi ya wakimbizi. Aliwakaanga kwa mawese, vitunguu na pilipili, ngazi nzima ikanukia, na mzee akaja na kiti chake mwenyewe kwa sababu vyetu havikutosha. Tulitafuna kwa uangalifu, tukitema chembe za risasi sahanini. Mama, aliyekuwa hataki kusikia habari za mbwa, alikuwa anamwekea mifupa laini pembeni.

Mwezi wa kumi ukaleta upepo, na upepo ukaleta bata wa kaskazini, makundi kwa makundi, wanapita chini mpaka unasikia mbawa. Baadaye watu wa kanisani kwetu walipohadithia, walisema bibi alishazoea bunduki. Si kweli. Kila mlio alifumba macho. Alikuja hivyo hivyo.

Mzee naye alikuwa amejifunza maneno yote. Alisema "Kuya" kama mtu anayeuliza swali, lakini alilisema. Mbwa alimtii kukaa, akamtii kwenda. Kurudi, alirudi kwa bibi. Hata bibi aliponyamaza kando, hata mzee alipopiga magoti kwa ile nyonga yake mbovu na kufungua mikono, mbwa alimpita na bata mdomoni akaenda kusimama mbele ya bibi. Wenzake walicheka. Mzee hakucheka. Siku moja tukiwa garini aliniambia, macho yake barabarani, kwamba huyu ni mbwa mzuri sana, lakini bibi yako hataweza kuja ziwani maisha yake yote. Sikutaka kuyatafsiri maneno hayo. Bibi akaniuliza mzee amesema nini, nikamwambia. Alitazama nje mpaka tulipofika.

Siku ya mwisho ilikuwa ya mwezi wa kumi na moja. Barafu nyembamba ilikuwa imeshika kando za ziwa, na kila mtu alijua kwamba juma lijalo ziwa lote litakuwa barafu. Asubuhi ile bibi hakuvaa kitenge chake cha njano. Alivaa koti jeusi la mama, lililomfika miguuni. Tuliposhuka garini alinivuta begani.

"Leo mimi sitasema kitu," alisema. "Na weye, usimuite."

Bata alipigwa mbali, akaanguka ng'ambo ya barafu. Mzee akasema, "Enda." Mbwa akaivunja barafu kwa kifua, akaogelea, akampata, akageuka. Alipofika maji mafupi ya ukingoni alisimama, mvuke unamtoka mgongoni, akatutazama sote. Mzee akasema, "Kuya." Mbwa akaja moja kwa moja kwa bibi.

Bibi akampa mgongo. Mbwa akamzunguka, akasimama mbele yake. Bibi akaweka mikono nyuma, akaishikanisha, akatazama miti juu ya kichwa cha mbwa. Mbwa akasogea, akamgusa goti na yule bata, taratibu, kama alivyokuwa akifanya na ndala jikoni. Bibi hakuangalia chini. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, na hakuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa nyuma.  Niliona vidole vyake vimeng'ang'aniana. Mzee akaita tena, safari hii kwa sauti ya chini, na haikuwa kama swali. Mbwa akageuza kichwa. Akangoja kidogo. Kisha akaenda kwake, akaketi, akamwachia bata mkononi.

Mzee alivua kofia yake, akasimama nayo mkononi. Yule kiongozi wa kikundi akasema tu kwamba huyo sasa ni mbwa wa kuwindia.  Mlangoni mbwa akaingia kwa mzee, sisi tukaingia kwetu. Mpwa wa kaskazini akaambiwa atafute mbwa mwingine.

Bibi hakwenda tena ziwani, ingawa alialikwa kila mwaka. Wakikutana kwenye ngazi alimsalimia mzee, akamwuliza habari za nyonga kwa Kiswidi chake kidogo, lakini mbwa, bibi hakumtazama kamwe. Mwanzoni mbwa alimlilia. Baadaye aliacha. Jumamosi za msimu mzee alituletea bata, bibi akawapokea mlangoni, tukakaa jikoni mimi na yeye tukinyonyoa. Siku moja nilimwuliza kwa nini hata leo, mambo yakiwa yameshatulia, asimpapase mbwa kidogo tu. Akaniambia nisichane ngozi.

Wote wamekwenda sasa. Mbwa alizeeka akafa kwenye zulia la bwana wake. Mzee aliuza bunduki, akahamia nyumba ya wazee, akafa huko. Bibi tumemzika huku huku, chini ya misonobari, mbali na Uvira. Ziwani wamejenga njia ya mbao na vibao vyenye picha za ndege, na kuwinda ni marufuku. Jambo zuri, sina ugomvi nalo. Ila pilipili na mawese havinukii tena kwenye ngazi ile, na mimi kwenye simu na ndugu zangu tunaongea Kiswidi.

Wazee wetu wa huku wakikumbukwa, hutajwa walivyopoteza: nyumba, mashamba, watoto. Bibi yangu naye alinyang'anywa hivyo vyote, na mimi sikuwa nimezaliwa au nilikuwa mdogo mno, nimesimuliwa tu. Lakini mbwa hakunyang'anywa. Alimtoa mwenyewe, nami nilikuwepo nikamwona.