Mtoto wa Mdogo Wangu

Kufikia mwaka wa pili wa masomo ya uzamili, nikijifunza kuhudumia watoto waliozaliwa kabla ya wakati, nilikuwa nimeacha kulia. Sikuamua kuacha. Mwanzoni tulilia sote, chooni, na mhadhiri wetu alitungoja tunawe uso kisha akaendelea na somo. Halafu asubuhi moja mtoto alifariki huku nikimpulizia hewa. Nikamfunika kitambaa, nikamwita mama yake, nikakaa naye kidogo, nikaenda darasani. Mchana nilikula chapati na ndengu, nikamaliza sahani yote.

Miezi michache baadaye mke wa mdogo wangu alipandwa na presha mimba ikiwa bado haijatimia. Aliletwa hospitali ile ile ya Kisumu nilikokuwa nikifanya mazoezi, akapasuliwa siku hiyo hiyo. Msichana. Hakufikia uzito wa pakiti ya unga. Mkuu wa wadi aliniuliza kama ningependa mwenzangu amshughulikie. Nilisema hapana, nikamwekea mrija wa hewa puani mwenyewe.

Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma kule Mamboleo. Nilimkuta mlangoni na buti zake za kazi, nywele zimejaa vumbi la chuma.

"Mtoto wako amezaliwa mapema," nilimwambia. "Mapafu yake hayajakomaa. Tunamsaidia kupumua. Una swali lolote?"

Ndivyo tulivyofundishwa kuzungumza na wazazi, pamoja na kutua kidogo baada ya kila sentensi. Nami nilitua.

"Dada," alisema, "ni mimi."

"Najua."

"Basi ongea kama mtu anayenijua."

Nikamwambia avue buti na anawe mikono mpaka kwenye viwiko.

Mtoto alipotulia kidogo, mama yake bado hakuweza kuinuka kitandani. Kwa hiyo nilimwambia mdogo wangu aje akae kwenye kiti, avue shati, tumlaze mtoto kifuani pake apate joto. Aliwatazama akina mama waliokuwa wameketi na watoto wao.

"Mbele ya hawa wote?"

Mama mmoja wa Obunga, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alicheka. "Baba, nani ako na nguvu ya kukuangalia hapa? Vua, mtoto anasikia baridi."

Akavua. Kifua chake kilikuwa na madoa ya cheche za miaka mingi. Nilimlaza mtoto hapo, nikawafunga kwa leso. Mdogo wangu aliganda.

"Anapumua?"

"Anapumua."

"Lakini unaangalia mashine. Mimi nataka umwangalie yeye."

Nikamwangalia. Rangi nzuri, mbavu haziingii ndani sana akivuta hewa, mrija uko mahali pake. Nikamweleza hivyo. Baada ya muda alianza kumsimulia mtoto kwa Kijaluo kuhusu geti alilokuwa akilitengeneza, na jinsi mwenye nyumba alivyokuwa akibadilisha mawazo kila siku.

Mama yetu alikuja kutoka Sondu na chupa ya uji. Aliniuliza kama mtoto ataishi. Nikamjibu kwamba hali yake ni thabiti. Akamgeukia mdogo wangu. "Anasema nini huyu?"

"Anasema bado anapumua, Mama."

Alasiri moja, mtoto akiwa kifuani pa baba yake, aliacha kupumua. Midomo iligeuka rangi. Nilimsugua mgongo, nikamnyoosha shingo, nikamsugua tena, akavuta hewa na kulia kwa sauti ndogo. Mdogo wangu alilia pia, kwa sauti kubwa, mtoto akipanda na kushuka kifuani pake. Mimi nilikwenda kunawa mikono. Mke wake, ambaye siku hizo alikuwa ameanza kuja wadini akishikilia ukuta, alinifuata kwa macho.

"Wifi, wewe hukuogopa?"

"Sikuogopa."

"Nilikuwa nakutazama. Ulikuwa kama mtu anayekunja nguo."

Hakusema kwa ubaya. Jioni hiyo, nikitembea kwenda nyumbani, nilijaribu kutafuta hofu ndani yangu. Niligundua tu kwamba miguu ilikuwa inauma.

Mtoto aliongezeka uzito, akaenda nyumbani. Nilifanya mtihani wa mwisho, nikapita. Siku ya mahafali mama yangu alipiga vigelegele mpaka watu wakageuka, nami nilisimama pale nilipoelekezwa na mpiga picha.

Sasa mtoto anatembea. Jumapili nikienda kwao, wanamweka mapajani pangu kabla sijavua viatu. Macho yangu huenda kifuani pake kwanza, kisha midomoni, kisha kwenye kucha. Wifi yangu anajua. Huningoja nimalize.

"Haya," husema, "sasa mbebe."

Nambeba. Amekuwa mzito, na anapenda kunivuta hereni.