Wiki Tatu za Kunyamaza

Wendelini alikwenda hospitali Peramiho akimwomba Mungu aambiwe ana kifua kikuu. Mtu mzima wa miaka sitini na mbili, na akili zake timamu, anapiga magoti kanisani kuombea TB! Lakini alikuwa na sababu yake. Jirani yake Cornel alikonda mpaka watu wakaanza kuulizana atazikwa wapi. Akapewa vidonge vya miezi sita, akavimeza vyote, na leo analima ekari tatu na kugombana na kila mtu kilabuni. Wendelini alitaka ugonjwa wa namna hiyo, wenye mwanzo na mwisho.

Daktari alisoma majibu akitabasamu. "Hongera, mzee. Makohozi hayana TB."

Wendelini akashika ukingo wa meza. "Hebu angalia vizuri, mwanangu."

"Tumeangalia mara mbili. Shida yako ni mapafu yenyewe, yamechakaa. Njia za hewa zimebana na hazitarudi kuwa kama zamani. Unavuta sigara?"

"Sijawahi, hata kipande."

"Unafanya kazi gani?"

"Tumbaku. Sisi wa Namtumbo tunalima ile ya moshi."

Daktari aliweka kalamu chini. Akamweleza taratibu kwamba ugonjwa huo hautibiki ukaisha, unatunzwa tu, kwa dawa ya kuvuta kwa mdomo kila siku, siku zote. Na moshi basi. "Usiingie tena ndani ya bani. Na si wewe peke yako, mzee. Yeyote anayeshinda humo miaka na miaka, mapafu yake yanaelekea hukohuko."

Asiyelijua bani la tumbaku ya moshi aelezwe kidogo. Ni nyumba ya miti na udongo iliyokwenda juu, haina dirisha hata moja. Majani yanatungwa kwenye fito na kupangwa kutoka darini mpaka usawa wa kichwa, halafu chini sakafuni unawekwa moto wa magogo usioruhusiwa kuwaka. Kazi yake ni kufuka tu, siku baada ya siku, na lazima mtu aingie kila mara kuuchochea ukififia na kuutuliza ukipandisha ndimi. Moshi ukitoroka, jani halishiki rangi. Kwa hiyo kila Februari Wendelini alizunguka bani lake na ndoo ya udongo, akiziba hata tundu la kupita mchwa, na kijiji kizima kilimsifu kwa kukandika. Alijivunia sifa hiyo miaka thelathini na minne. Kumbe muda wote alikuwa akijizibia pumzi kwa mikono yake mwenyewe.

Hakurudi kijijini. Alimpigia simu mkewe Benigna, akamwambia ni kifua tu, daktari amesema apumzike mjini kidogo. Akaenda Mjimwema kwa binti yao Devota, akamweleza binti huyo kwamba yeye amekatazwa moshi. Devota hakuuliza mengi. Kesho yake alinunua mtungi mdogo wa gesi, jiko la mkaa akampa jirani.

Basi Wendelini akakaa Mjimwema na hofu yake. Aliogopa kuoga, maana maji yakimwagika kichwani yalimkata pumzi. Aliogopa kucheka, yeye aliyekuwa akiwavunja watu mbavu msibani. Aliogopa kulala chali, akawa analala ameegemea mito mitatu. Muuguzi alikuwa amemfundisha kuvuta hewa kwa pua na kuitoa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepoza uji, na kwa kweli ilimsaidia. Kifua kilitulia. Hofu ndiyo haikutulia.

Na kubwa aliloliogopa lilikuwa kumwambia Benigna. Akimwambia, atamuuliza, "Utapona lini?" na itambidi ajibu. Akishajibu, ugonjwa utakuwa umeingia nyumbani kwake na kuketi. Asipotamka, alijidanganya, labda utabaki hukohuko hospitali kwenye faili. Kila siku alisema kesho. Zikapita wiki tatu.

Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Matawi simu ikaita.

"Baba Devota, bani limejaa!" Benigna alikuwa na furaha. "Nimetundika yote, jana nikawasha. Nawe ulivyolikandika, moshi wote umo ndani." Hapo akaanza kukohoa, akakohoa kwa muda.

"Na hicho kifua?" Wendelini aliuliza.

"Si moshi tu huu. Wewe unaujua."

Aliujua. Maneno yalimfika kwenye ulimi, yakakwama. "Haya," alisema, Mungu amsamehe, "usisahau kugeuza magogo."

Devota alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la mchicha. "Baba, mama hujamwambia?"

Wendelini aliisukuma simu chini ya mto.

"Mimi nimebadili hadi jiko, baba. Na mama umemwacha ndani ya bani." Hakupaza sauti. Aliingia jikoni akaanza kukata mchicha, na baba yake akatamani angemfokea.

Jumatatu asubuhi Wendelini alipanda gari la Namtumbo. Nyumbani hakukuta mtu, akashika njia ya shambani, akipumzika kila baada ya hatua ishirini. Alipofika kwenye bani aliita, "Mama Devota!" lakini sauti ilikuwa ndogo, haikupenya ukuta. Aliita tena. Mwishowe akavuta mlango, akainama, akaingia.

Benigna alikuwa amechuchumaa mbele ya magogo, khanga imefunika pua na mdomo, macho mekundu. Kabla hajamsalimu mumewe alimwona anayumba, akamkamata kwapani, akamtoa nje mzimamzima. Wendelini alikaa chini akihangaika na pumzi, mkewe akimsugua mgongo. Ilipita karibu robo saa ndipo akaweza kusema, na safari hii alisema yote. Si TB. Haiponi. Ni moshi. "Na wewe unakuingia hivyohivyo. Nimelijua hili wiki tatu. Niliogopa kukwambia, mke wangu. Toka humo, tuache moto uzime."

Benigna alimtazama mumewe, akautazama mlango wa bani.

"Nikiuacha uzime, majani yote yanaoza," alisema. "Ni mwaka mzima ule, Baba Devota. Na hiyo dawa ya kila siku itatoka wapi?"

"Acha yaoze."

"Ungeniambia kabla sijatundika, nisingetundika."

Alilisema bila hasira, kama mtu anayetaja siku ya soko. Halafu akachovya khanga kwenye ndoo ya maji, akaikamua, akajifunga upya usoni, akaingia.

Wendelini alibaki nje, analia. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na hewa ilikuwa safi kabisa, ileile aliyoagizwa na daktari. Aliona haya kuivuta, akimsikia Benigna anakohoa ndani.